Saa Moja ya Umeme

Tarehe 10 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana najua ukiuona mwandiko huu utasahau hata salamu. Ni mimi, naandika kwa mkono wa kushoto. Mama yako amekaa hapa pembeni na anasema kuku aliyekanyaga wino angeandika vizuri zaidi. Yeye hajambo, ila goti linamsumbua asubuhi. Amehamia huku kwangu, nyuma ya karakana, anipikie, na amepanga upya vyombo vyangu vyote hata sijui kijiko kiko wapi. Dada zetu hawa, ukiugua tu wanakutawala.

Sasa jambo lenyewe. Tarehe 29 mwezi uliopita nilikuwa nakata kioo cha dirisha la duka, kinene, kirefu kunipita mimi. Kikateleza mezani. Unaijua sheria ya karakana yangu, nilikufundisha ulipokuwa bado unanifagilia vipande: kioo kikianguka, rudi nyuma, kiache kianguke. Nimeisema sheria hiyo miaka ishirini na sita. Na mimi mwenyewe nikakikumbatia. Mkono ulitangulia, akili ikafuata. Kilipasuka kikanikata mkono wa kulia, upande wa ndani, juu kidogo ya kiwiko.

Damu sitaieleza. Seremala wa jirani alinifunga kwa mkanda wa suruali yake akanikimbiza hospitali, huku suruali anaishikilia. Waliunga mshipa wa damu, nawashukuru, la sivyo leo mngekuwa mnanihadithia. Jeraha limefunga. Lakini vidole havina habari. Vinanyooka, havikunji, na nikivishika kwa huu wa kushoto ni kama nimeshika vya mtu mwingine. Daktari anasema mishipa miwili ya fahamu imekatika. Nirudi Jumanne, tarehe 20.

Ungependa nikwambie haya kwa simu, lakini kwenye simu mimi husema sijambo nikakata. Wewe ndiye daktari wetu. Niambie, mkono huu utarudi? Kazi nyingine siijui, na umri wa kujifunza umeshanipita.

Mjomba wako


Tarehe 15 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikaenda kujifungia chooni kazini nikalia. Mwambie mama asibebe maji kwa goti hilo. Mimi sijambo, chumba nilichopanga kinavuja lakini mwenye nyumba ameahidi, na ahadi zake unazijua kwa barua zangu.

Hii nampa dereva wa basi ikufikie kabla ya Jumanne. Nisikilize vizuri. Usikubali wakupasue huko. Mshipa wa fahamu ukiungwa huanza kuota upya kutoka pale ulipokatika, kushuka vidoleni, kama milimita moja kwa siku. Kutoka juu ya kiwiko mpaka kwenye kidole gumba ni safari ya mwaka na zaidi, na wakati wote huo misuli inangoja. Hapa kwetu, mshipa ukishaungwa, tunapitisha umeme mdogo juu ya mahali palipoungwa kwa saa moja. Saa moja tu. Hauunguzi, wengine wanasema unawatekenya. Umeme huo unauamsha mshipa uanze kuota mapema badala ya kuzubaa. Nimeona mtu aliyekatwa na msumeno akirudi kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe. Huko kwenu mashine hiyo haipo, watakushona wakuache na Mungu.

Nitakuwekea nafasi mwezi wa Machi. Mwambie daktari wa huko umeshapata pa kwenda. Subira yavuta heri, Mjomba. Mkono wako niachie mimi.

Chiriku


Tarehe 24 Februari

Chiriku,

Nimefanya ulivyosema. Jumanne nilikwenda hospitali nikarudi. Daktari wa huku ni mtu mwema, hana maneno mengi.

Huku wazima. Mama yako amewaambia watu wa mtaa mzima, kuanzia muuza mkaa hadi fundi redio, kwamba nitatibiwa kwa umeme na daktari mtoto wake. Kila apitaye karakana anaingia kuitazama ile picha yako ya koti jeupe niliyoitia fremu. Fundi redio ameniuliza kama baada ya hapo nitashika stesheni. Nimemwambia nitashika yake ya mdomo niizime.

Nangoja Machi.

Mjomba


Tarehe 2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia. Nilipata homa, nimepona. Nilipokea salamu za mama na zile soksi, nazivaa zamu ya asubuhi, sakafu ya wodini ni baridi.

Machi ilijaa. Foleni ni ndefu kuliko nilivyodhani, na daktari mkuu ana safari nyingi. Nafuatilia kila siku, usifikiri nimelala. Endelea kuvikunja na kuvinyoosha vidole kwa mkono wa kushoto, asubuhi na jioni, visikakamae. Usishike vitu vya moto, maana mkono huo hautakuonya.

Hukuniambia daktari wa huko alisema nini Jumanne ile.

Chiriku


Tarehe 6 Mei

Chiriku,

Mama yako anakusalimu, goti limepoa, mdomo haujapoa.

Nakupa habari za kazi ucheke. Kinyozi alivunja kioo chake kikubwa, akaja kwangu, hataki fundi mwingine. Nikasema ngoja nijaribu kwa kushoto. Seremala akanishikia rula, nikakata. Kisu kikapinda kidogo, mimi sikuona. Kimetundikwa kule kwake na sasa kila anayekwenda kunyolewa anajiona kichwa kimelala upande. Watu wanalipa halafu wanarudi kulalamika kwamba wamenyolewa upogo. Kinyozi hajanidai kitu wala hajakiondoa. Ananionea huruma, na huruma hiyo inaniuma kuliko angenitukana.

Nyama ya kati ya kidole gumba na cha shahada inazama. Zamani palikuwa pamejaa, sasa pana shimo, na kila wiki linaongezeka. Mama yako anapapaka mafuta, kana kwamba ni ukavu wa ngozi. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi tumbo langu halina neno.

Sikulaumu. Lakini ni mwezi wa nne sasa, na nakuuliza kama mtu anayengoja basi stendi: Machi yako inafika lini?

Kuhusu daktari wa huku, sikumbuki vizuri alichosema. Siku ile nilikuwa na njaa.

Mjomba


Tarehe 8 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nafasi imepatikana. Jumatatu, tarehe 5 Agosti. Usile kitu tangu jioni ya Jumapili.

Ukifika usiulizie ofisini wala usinitaje. Kuna utaratibu kuhusu ndugu wa wafanyakazi. Nitakungoja mwenyewe langoni. Na tafadhali, nakuomba sana, mbele za watu usiniite daktari. Hapa hatuitani hivyo.

Mama abaki nyumbani. Safari itamuumiza goti.

Chiriku


Tarehe 7 Septemba

Chiriku,

Nilifika salama, mkono wa kushoto ndio uliokawia kuandika. Mama yako alikuwa amekaa kibarazani tangu asubuhi kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani, akanishika mkono akaugeuza huku na huku, akauliza, "Mbona haujaamka?" Nikamwambia mambo ya milimita kwa siku. Amechukua rula ya karakana na kalamu ya vioo, akachora alama kwenye ngozi yangu kutoka kwenye kovu hadi kidole gumba, na kila Ijumaa anasogeza alama milimita saba. Sikumkataza.

Asante kwa siku zile kumi. Nilipotolewa chumba cha upasuaji na kuwekwa kwenye ile mashine, nilikuwa macho saa nzima. Yule bwana wa miwani ndiye aliyeishika. Umeme ulikuja tiki, tiki, tiki, mdogo kweli kama ulivyosema, na wewe ulikuwa umekaa upande wa miguu yangu umeshika karai. Saa nzima hukuniangalia usoni. Nilifurahi kuwa upo.

Daktari mkuu ni mtu muungwana. Alinieleza kwamba zile ncha za mishipa zilikuwa zimerudi nyuma na kufanya makovu, ndiyo maana ikabidi wachukue kipande cha mshipa mguuni kwangu kikawa daraja. Aliniuliza kwa nini nimechelewa kuja. Nikamwambia mimi ni mzito wa safari.

Niliona mengi huko. Jengo ni safi, na unafanya kazi sana.

Mjomba


Tarehe 22 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Nashukuru umefika. Mwambie mama ile rula isichubue kovu.

Hii mashine ndogo inayokuja na barua ni ya nyumbani. Kazi yake siyo ya ile kubwa. Ile iliamsha mshipa, hii inaichezesha misuli ili isinyauke kabla mshipa haujafika. Lowesha pedi mbili kwa maji, zikamue, moja iwe chini ya kiwiko, nyingine katikati ya mkono. Nusu saa asubuhi, nusu saa jioni. Namba isizidi nne. Isizidi nne hata kama husikii chochote, maana hutasikia, ngozi yako haina fahamu. Pedi ikikauka inaunguza. Nimekuchorea picha nyuma ya karatasi.

Ulimjibu vizuri daktari mkuu. Hukupaswa.

Kazi nyingi, nitaandika tena.

Chiriku


Tarehe 19 Novemba

Chiriku,

Leo naandika kwa furaha na nisamehe kama wino umemwagika.

Vidole vimekunja. Mama yako alifunga pedi, akawasha, na vile vidole vitatu vya mwisho vikajikunja pole pole mpaka vikagusa kiganja. Nilivitazama kama namtazama mtu aliyezikwa anapiga chafya. Mama yako akaanza kuimba. Seremala akaja na randa mkononi kuuliza kuna nini, akakaa naye akatazama nusu saa nzima, kazi yake imelala.

Kisha nusu saa ikaisha, mama yako akazima, vikalegea. Nikaviambia vikunje. Nikavisihi. Havikunisikia. Najua ulinieleza kwamba umeme unaiambia misuli moja kwa moja, siyo mimi ninayesema. Lakini kwa nusu saa nilikuwa na mkono, na niliweka kipande cha kioo kiganjani, vikakishika.

Milimita zetu zimeshapita kiwiko, kwa hesabu ya Ijumaa.

Mjomba

Mwanangu, ni mama. Mjomba wako hajakuandikia kwamba ameungua. Alizidisha mpaka namba tisa nilipokuwa sokoni, akitaka kidole gumba nacho kikunje. Lengelenge kama yai. Mimi ndiye niliyenusa. Limepona lakini mkemee wewe, mimi hanisikii, na wewe ndiye daktari. Vaa soksi.


Tarehe 3 Desemba

Mjomba,

Shikamoo. Mama kaniambia. Namba nne. Nimeandika kubwa ili usiseme hukuona: NNE. Kipimo cha sindano ni mwakani, mwezi wa Agosti, hapo ndipo tutajua mshipa umefika wapi. Mpaka hapo hakuna la kusema.

Chiriku


Tarehe 21 Agosti

Chiriku,

Nimekuandikia mara nne tangu mwaka uanze, na sijapata hata nusu ukurasa. Mama yako anasema madaktari ndivyo walivyo. Mimi namwitikia.

Nilikuja kupimwa tarehe 11 kama nilivyopangiwa. Langoni hukuwepo. Wakaniambia umechukua likizo wiki ile ile. Bwana wa miwani alinichoma sindano mkono wa chini, sehemu saba, akawa anasikiliza kwenye mashine, na kila akichoma ananiambia, "Jaribu kukunja." Nilijaribu mpaka jasho likanitoka. Mashine ilikuwa inavuma tu. Nilimwuliza, akasema majibu atampa daktari mkuu, na kwa kuwa wewe ni mtu wa nyumbani utaniandikia.

Basi niandikie. Mwenye jengo la karakana anataka kujua kama naendelea kuishika au namwachia seremala avunje ukuta apanue. Nimemwambia anipe mwezi mmoja. Mimi mwenyewe nimechoka kutojua.

Mjomba


Tarehe 14 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Leo sitauliza habari za nyumbani. Nikianza na hizo sitafika.

Mkono hautarudi. Sindano ilisikiliza sehemu saba na zote saba zilikuwa kimya. Daktari mkuu anasema mshipa umeota, lakini misuli ilikuwa imengoja kupita kiasi. Ikikaa muda huo bila fahamu hugeuka nyuzi tupu, na nyuzi haziwezi kukunja kidole, hata mshipa ukifika, hata ukizipa umeme. Pengine ngozi ya kiganja itapata fahamu kidogo, utajua moto na baridi. Kukunja, hapana. Mwachie seremala ukuta.

Nimeandika mistari hiyo mara sita tangu Agosti. Nilipewa majibu siku ile ile niliporudi likizo.

Sasa yangu. Mimi si daktari. Wala si mtaalamu wa tiba ya viungo, kazi niliyoisomea. Mtihani wa mwisho nilianguka, nikarudia, nikaanguka tena. Hospitali ikanichukua msaidizi. Nalowesha pedi, nachaji mashine, natandika vitanda, nabeba karai. Lile koti jeupe tunavaa sote, hata anayesukuma machela. Nilipoleta picha nyumbani mama akasema "mwanangu daktari", nikasema moyoni nitamrekebisha kesho. Miaka mitano imepita. Najua ulipokuja uliona. Siku kumi ulikaa na mimi ukaninyamazia, na mimi nikajifanya sijui kwamba umejua.

Lipo lingine, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nafasi ya Machi ilikuwepo. Nilimwambia daktari mkuu habari zako, siku ile ile nilipopata barua yako ya kwanza. Alisema, "Mlete haraka, mishipa haingoji," akakuandika tarehe 12 Machi. Nilikwenda kwa karani nikamwambia mgonjwa ameahirisha. Niliona ukija, na mama nyuma yako, unaniita daktari katikati ya wodi, na watu wanageuka. Nikasema nitafute kwanza namna. Aprili nikasema Mei. Barua yako ya kinyozi ndiyo iliyonishinda, nikaenda kukuombea nafasi upya.

Ule umeme ni kweli, Mjomba. Hapo sikukudanganya, nimeuona ukisaidia watu. Lakini unasaidia mshipa ulioungwa mapema. Nilikuwa najua hivyo tangu mwanzo, kwa sababu nasikia wakiwaeleza wagonjwa kila siku nikiwa nalowesha pedi.

Niambie jambo moja ambalo umelikwepa mwaka mzima na nusu. Jumanne ile daktari wa huko alisema nini?

Mpwa wako


Tarehe 3 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba.

Barua yako nimekaa nayo siku tisa. Mama yako aliona bahasha akauliza, nikamwambia unasalimu.

Umeuliza, nitajibu. Jumanne ile daktari wa huku alikuwa ameshapanga kuniunga mishipa. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, wamenivalisha lile gauni lao la kufungwa nyuma, sikuwa nimekula tangu jana yake. Alisema wiki tatu ni muda mzuri, hakuahidi mkono wote, alisema nitaweza kushika. Nikatoa barua yako nikampa. Akaisoma mara mbili. Akaniuliza, "Mpwa wako huyu ni daktari wa mishipa?" Nikasema ndiyo. Nilisema kwa majivuno, wauguzi wakasikia. Akaniambia, "Basi yeye anajua kuliko mimi," akanirudishia barua, nikavua gauni nikaenda kula.

Sikukwambia kwa sababu mwanzoni sikuona kama ni kitu. Baadaye, pale wodini kwenu, nilipomsikia bwana wa miwani akikuita, "Msaidizi, leta pedi," nilifumba macho nikajifanya nimelala ili usijue nimesikia. Nilipofumba macho ndipo nilipoiona tena ile Jumanne. Nikasema hili nitakufa nalo, mtoto asilijue. Lakini umeniuliza waziwazi na umenitangulia kusema yako, nami nimechoka kulibeba peke yangu.

La koti na la mtihani lisikunyime usingizi. Ungeniambia, ningekucheka wiki moja, nikakuita Daktari Karai mpaka ukaolewa, yakaisha. Nilikuwa nimetundika picha ya mtoto wa dada yangu, ningeitundika hata ungekuwa unauza karanga.

La Machi ni jingine. Hilo sikulijua. Nimekasirika, na sitaki kukudanganya kwamba sijakasirika. Nimeamka asubuhi tisa nikiwa nimekasirika. Ulinitazama nanyauka, ukawa unaniambia nikunje vidole kwa mkono wa kushoto. Sijui kama nimekusamehe. Nitajua nikikuona.

Karakana nimeiacha. Seremala alivunja ukuta juzi. Meza ya kukatia sikumwuzia, nimempa.

Sasa tumebaki wawili tunaojua yote, na wa tatu hajui hata moja. Mama yako bado anaamka kabla yangu. Analowesha pedi, anazikamua, anafunga chini ya kiwiko na katikati ya mkono, namba nne, hazidishi. Kusogeza alama ameshamaliza, ile ya mwisho iko kwenye ncha ya kidole gumba tangu mwezi uliopita, anaipaka wino upya kila ikifutika. Vidole havikunji tena hata kwa mashine. Vinatikisika tu, kidogo, na yeye anainama karibu na kusema, "Leo ni zaidi ya jana. Umeona kazi ya mwanangu?"

Namwambia nimeona.

Siwezi kumwambia mimi. Nimejaribu mara mbili, nikaishia kuuliza habari za goti. Njoo umwambie wewe, kwa mdomo wako, umkalie karibu. Nikikununia siku mbili tatu vumilia, chakula utapewa. Mpaka utakapokuja, kila asubuhi nitaendelea kumnyooshea mkono.

Mjomba wako